Keki Bila Yai: Yai Mpe Mtoto

Ndugu msomaji, leo tuzungumze juu ya yai. Yai ni dogo, lakini nyumbani lina kazi nyingi. Mama anataka kuliuza apate pesa ya chumvi na daftari. Kuku anataka kulilalia atoe vifaranga. Mtoto anahitaji kulila akue. Na siku ya sikukuu, au siku ya mnada, kuna anayetaka kulipasua ndani ya unga apike keki.

Yai moja haliwezi kufanya kazi zote hizi. Lazima tuchague. Makala hii inaeleza jambo moja: keki, mkate na vyakula vingine vya kuoka vinaweza kupikwa vizuri bila yai. Vitu vya kuweka badala yake viko hapa hapa Mbulu na Hanang, shambani na sokoni. Yai tunaloliokoa, tumpe mtoto.

MFANO WA MAMA SAFARI

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Tumwite Mama Safari. Ana tetea watatu na watoto wawili wadogo. Kila wiki anapika keki mbili, anazikata vipande na kuviuza mnadani. Kila keki anaitia mayai matatu.

Mwaka huu kideri kikaingia kijijini. Tetea wawili wakafa. Akabaki na mmoja. Siku ya kliniki nayo ikafika. Mtoto wake mdogo alipopimwa, mstari wa uzito kwenye kadi haukupanda. Nesi akamwambia: "Mama, mpe mtoto mayai, maharage na maziwa. Uji mtupu haumtoshi."

Mama Safari akarudi nyumbani amenyamaza. Jirani yake, bibi mmoja mzee, akaja kumwona.

"Mama Safari, mbona sioni moto? Kesho si mnada?"

"Bibi, nitaenda mnadani na nini? Kuku wamekufa. Mayai yaliyopo ni manne tu. Nikiyatia kwenye keki, mtoto atakosa. Nikimpa mtoto, sina keki. Nikikosa keki, sina pesa."

Bibi akacheka kidogo. "Mwanangu, maandazi unayatia mayai?"

"Hapana, Bibi."

"Chapati je?"

"Hapana."

"Na bajia za dengu zinazouzwa stendi, zinashikamana kwa nini? Zina yai?"

Mama Safari akafikiri. "Hapana, Bibi. Ni unga wa dengu na maji tu."

"Basi keki nayo inaweza. Nenda shambani ukaniletee boga."

KAZI YA YAI NDANI YA UNGA

Ndugu msomaji, kabla ya kuliondoa yai tujiulize: lilikuwa linafanya kazi gani? Fundi akitaka kuondoa nguzo ya nyumba, kwanza huangalia nguzo ile inabeba nini.

Ndani ya unga yai lina kazi tatu kubwa.

Kazi ya kwanza ni kushikamanisha. Yai likipata moto huganda. Likiganda, hushika unga na vitu vingine visimeguke.

Kazi ya pili ni kuumua. Yai likipigwa sana hutoa povu. Povu ni hewa. Hewa ikipata moto hupanuka, na keki huinuka.

Kazi ya tatu ni kulainisha. Yai lina maji na mafuta. Keki yenye yai haikauki upesi.

Hakuna kitu kimoja kinachofanya kazi zote tatu vizuri kama yai. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Huondoa yai, hutia kitu kimoja tu, kisha keki ikiharibika husema, "Bila yai haiwezekani." Njia nzuri ni kugawa kazi. Kitu kimoja kishikamanishe, kingine kiumue, kingine kilainishe.

UNGA WETU UNASAIDIA

Sisi watu wa Hanang na Mbulu tuna bahati. Ngano inalimwa kwetu. Wazee wanakumbuka mashamba makubwa ya ngano yaliyofunguliwa katika nyanda za Basotu miaka ya 1970 kwa msaada wa nchi ya Kanada, mahali ambapo Wabarabaig walikuwa wakilisha mifugo yao. Hata wakulima wadogo hulima ngano.

Unga wa ngano una gundi yake wenyewe. Ukiukanda kwa maji utaona unavutika. Gundi hiyo hushika hewa. Ndiyo maana mkate na maandazi huumuka kwa hamira tu, bila yai.

Unga wa mahindi, mtama au ulezi hauna gundi hiyo. Ukitaka kuoka keki ya mahindi bila yai, changanya unga wa mahindi sehemu moja na unga wa ngano sehemu moja. Au pika gundi ya uji kama tutakavyoeleza hapa chini.

VITU VYA KUWEKA BADALA YA YAI MOJA

Kata sehemu hii uibandike ukutani jikoni. Kila kipimo ni badala ya yai 1.

1. Boga. Chemsha boga, lichuje maji, liponde mpaka liwe laini kabisa. Tumia vijiko 4 vya chakula. Boga hulainisha na hushikamanisha kidogo. Linafaa kwa keki na mkate mtamu.

2. Ndizi mbivu. Ponda nusu ya ndizi kubwa, ile iliyoiva sana mpaka ganda lina madoa meusi. Hulainisha na kutia utamu. Ukiitumia, punguza sukari. Ladha ya ndizi itabaki.

3. Unga wa dengu. Koroga vijiko 3 vya chakula vya unga wa dengu na vijiko 3 vya maji mpaka mabonge yaishe. Huu ndio mshikaji mzuri kuliko wote. Unafaa kwa kababu za maharage, na kwa vyakula vya viazi na mboga vinavyookwa.

4. Gundi ya uji. Koroga kijiko 1 cha chakula cha unga wa ngano katika vijiko 4 vya maji baridi. Weka motoni, koroga mpaka iwe nzito kama gundi. Acha ipoe. Hushikamanisha tu, haiumui.

5. Maji ya dengu. Maji mazito yaliyobaki baada ya kuchemsha dengu nzima, vijiko 3 vya chakula. Yaache yapoe. Kama ni mepesi, yachemshe tena yapungue.

6. Limau na soda ya kuokea. Soda ya kuokea ni ule unga mweupe laini unaouzwa kwa pakiti dukani. Tia kijiko 1 cha chai cha soda hiyo kwenye unga mkavu. Tia kijiko 1 cha chakula cha maji ya limau au siki kwenye maji ya kukandia. Vikikutana vitatoa mapovu. Hii huumua. Ukishachanganya, oka mara moja. Ukichelewa, mapovu huisha na keki hulala.

Kama keki inahitaji mayai 2 au 3, vipimo hivi vinatosha. Kama inahitaji zaidi ya 3, usijaribu kuibadili. Tafuta keki ya namna nyingine. Keki laini sana inayosimama kwa povu la mayai mengi haitatoka vizuri kwa boga wala ndizi.

ANGALIZO JUU YA MAGADI

Ndugu msomaji, soda ya kuokea ya dukani si sawa na magadi ya mawe yanayookotwa kando ya maziwa ya chumvi. Magadi hayo ni makali. Tena, magadi ya maziwa yetu ya kaskazini yanaweza kuwa na madini ya floridi kwa wingi. Floridi ikizidi huharibu meno ya watoto, hugeuka rangi ya udongo, na ikiendelea miaka mingi huharibu mifupa. Usitie magadi hayo kwenye keki.

JINSI YA KUPIKA KEKI YA BOGA

Sasa turudi kwa Mama Safari. Boga limefika. Bibi anamwonyesha.

Vitu vinavyohitajiwa:
Unga wa ngano, vikombe 3.
Boga lililochemshwa na kupondwa, kikombe 1.
Sukari, kikombe 1. Ukipenda, punguza.
Mafuta ya alizeti, nusu kikombe.
Maji, kikombe 1.
Bekingi pauda, vijiko 3 vya chai.
Chumvi, nusu kijiko cha chai.
Maji ya limau, kijiko 1 cha chakula.
Tangawizi, iliki au mdalasini kidogo.

Tumia kikombe kile kile kwa vipimo vyote.

Namna ya kupika:
Kwanza washa mkaa, moto uwe tayari.
Paka mafuta ndani ya sufuria ya keki, kisha nyunyizia unga kidogo.
Chekecha unga, bekingi pauda, chumvi na viungo katika bakuli moja.
Katika bakuli la pili changanya boga, sukari, mafuta na maji ya limau. Tia maji robo tatu ya kikombe kwanza. Koroga sana mpaka sukari iyeyuke.
Mimina vitu vya maji juu ya vitu vikavu. Koroga polepole, mpaka unga mkavu usionekane tena. Usikoroge sana. Ukikoroga sana, gundi ya ngano hukaza na keki huwa ngumu kama mpira.
Rojo liwe zito, lianguke polepole kutoka kwenye mwiko. Kama ni zito mno, ongeza maji yaliyobaki.
Mimina kwenye sufuria na uoke mara moja.

Kama huna jiko la kuokea, fanya hivi. Chukua sufuria kubwa, tia mchanga mkavu na safi, unene wa vidole viwili. Ifunike, iweke motoni ipate moto kwa dakika 10. Weka sufuria ya keki juu ya mchanga. Funika kwa mfuniko wa bati na uweke makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Moto mwingi wa chini huunguza keki kabla ya kuiva katikati.

Acha kwa dakika 45 hadi 60. Usifunue kabla ya nusu saa. Kisha choma katikati kwa kijiti safi. Kijiti kikitoka kikavu, keki imeiva. Kikitoka na rojo, rudisha mfuniko.

Keki ikiiva, iache ipoe kabla ya kuikata. Jambo hili ni muhimu. Keki yenye yai hushikwa na yai. Keki ya boga hukaza inapopoa. Ukiikata ya moto itameguka, na utasema boga halifai.

CHAKULA CHA KUOKA CHA VIAZI NA MAHARAGE

Si keki tu inayookwa. Kuna vyakula vya kushiba vinavyopangwa kwenye sufuria na kuokwa vikashikamana, kisha vikakatwa vipande. Watu wengi hutia mayai ili vishikamane. Tazama jinsi ya kupika bila yai, kwa mazao ya kwetu. Kinatosha watu 6.

Vitu vinavyohitajiwa:
Viazi mviringo vikubwa, 8.
Maharage yaliyochemshwa yakalainika, vikombe 3.
Vitunguu maji, 2.
Vitunguu saumu vya Mbulu, punje 3.
Nyanya 3 na karoti 2.
Mafuta ya alizeti, vijiko 3 vya chakula.
Unga wa dengu, vijiko 6 vya chakula.
Chumvi ya kutosha.

Namna ya kupika:
Loweka maharage usiku mzima. Mwaga maji yale. Yachemshe kwa maji mapya. Yatokote kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi, kisha yaendelee mpaka yalainike kabisa. Maharage yasiyoiva yana sumu, na huumiza tumbo. Kwa sababu hiyo, usisage maharage mabichi ukatumia unga wake badala ya yai. Unga wa dengu nao ni lazima uive. Usionje rojo lake bichi.
Chemsha viazi, vimenye, viponde.
Kaanga vitunguu, kisha nyanya na karoti zilizokunwa, mpaka maji yakauke. Maji yakibaki mengi, chakula hakitashikamana.
Ponda nusu ya maharage. Nusu nyingine yaache mazima. Changanya na mboga zilizokaangwa.
Koroga unga wa dengu kwa vijiko 6 vya maji. Tia nusu ya rojo hilo kwenye viazi, na nusu kwenye maharage. Changanya vizuri.
Paka sufuria mafuta. Panga nusu ya viazi chini na ukandamize. Juu yake panga maharage yote. Funika kwa viazi vilivyobaki. Paka mafuta juu.
Oka kwa moto wa chini na wa juu kwa dakika 40, mpaka juu pawe na rangi ya kahawia.
Epua. Acha kitulie kwa dakika 15. Kisha kata.

Ukitaka kuongeza nguvu ya chakula hiki, tia mboga za majani zilizokatwa na kukaangwa kidogo, kama mchicha, sukumawiki au majani ya maboga. Msimu wa mbaazi, tumia mbaazi badala ya maharage. Mbaazi pia zichemshwe mpaka zilainike.

WENGINE DUNIANI WAMEFANYA

Ndugu msomaji, usidhani hili ni jambo la maskini wa kijijini peke yao. Watu wengi duniani hupika bila mayai, kwa sababu mbalimbali.

Majirani zetu wa Ethiopia walio wa Kanisa la Orthodox hufunga siku nyingi kila mwaka, pamoja na Jumatano na Ijumaa za karibu kila wiki. Siku za kufunga hawali nyama, maziwa wala mayai. Wanapika dengu na jamii nyingine za kunde kwa njia nyingi.

Nchini Uingereza, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, vilivyoanza 1939 na kwisha 1945, mayai yaligawiwa kwa kipimo. Mara nyingi mtu mzima alipata yai 1 kwa wiki. Wapishi walijifunza kupika keki kwa karoti, siki na soda ya kuokea. Huko Marekani pia, katika miaka ya shida ya uchumi ya 1930, zilipikwa keki zisizo na mayai, maziwa wala siagi.

Na mwaka 2014, mwimbaji Mfaransa aitwaye Joël Roessel alionyesha kwamba maji yaliyochemshiwa jamii ya kunde yanaweza kupigwa yakatoa povu jeupe kama ute wa yai. Mwaka 2015 Goose Wohlt wa Marekani aliendeleza jambo hilo kwa maji ya dengu. Leo watu wengi wasiokula vitu vya wanyama huyatumia. Sisi tulikuwa tunayamwaga.

Wako pia watu ambao mwili wao haulipokei yai. Mtoto wa namna hiyo akila yai huota vipele, huvimba midomo, hutapika au hushindwa kupumua vizuri. Akishindwa kupumua, mkimbizeni hospitali mara moja. Kwa mtoto huyo keki bila yai si ya kubana matumizi. Ni ya kulinda maisha yake.

YAI LILILOOKOLEWA LIENDE WAPI?

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mama Safari alikuwa anatumia mayai 3 kwa keki moja. Keki mbili ni mayai 6 kwa wiki. Kwa wiki nne ni mayai 24.

Fikiri sana juu ya hesabu hiyo. Kuku wa kienyeji hutaga kiasi cha mayai 10 hadi 15, kisha huatamia. Kwa mwaka hutaga hivyo mara tatu hivi. Kwa hiyo keki za mwezi mmoja zilikula mayai ya tetea wawili.

Mayai 24 ni yai moja kila siku kwa mtoto mmoja, siku 24. Au yai moja kwa watoto wawili, siku 12. Au mayai 12 kwa watoto, na mayai 12 kwa tetea ayalalie kwa siku 21 atoe vifaranga.

Kwa nini mtoto kwanza? Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022, watoto 30 katika kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5 walionekana wamedumaa. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake. Akili yake pia inaweza kuchelewa, na shuleni hupata shida. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale kila siku vyakula vya wanyama, kama nyama, samaki au mayai. Yai ni rahisi kuliko nyama. Halihitaji kuchinja ng'ombe. Yai moja lina kiasi cha gramu 6 za protini, yaani chakula cha kujenga mwili, na vitamini nyingi.

Lakini yai lililochanganywa kwenye keki ya kuuza mnadani limekwenda kwa mnunuzi. Kipande kimoja kina chembe ya yai tu. Yai lile lile likichemshwa na kupondwa kwenye uji wa mtoto, lote limeingia tumboni mwake. Lichemshwe mpaka liwe gumu. Yai bichi au lisiloiva linaweza kuleta ugonjwa wa tumbo.

Kuna wazee wanaosema mama mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele. Tunawaheshimu wazee wetu, lakini jambo hili si kweli. Mama mjamzito anahitaji mayai kwa ajili yake na kwa ajili ya mtoto aliye tumboni.

Tuseme ukweli pia kuhusu boga. Boga huchukua kazi ya yai ndani ya keki, lakini halichukui kazi ya yai ndani ya mwili. Boga halina protini ya kutosha. Keki ya boga ni tamu, lakini si badala ya mlo wa mtoto. Maharage yanakaribia zaidi. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina kiasi cha gramu 15 za protini. Hata hivyo, mtu asiyekula kabisa nyama, samaki, maziwa wala mayai hukosa vitamini iitwayo B12, ambayo hujenga damu na mishipa ya fahamu. Mtu huyo aende kituo cha afya apewe ushauri.

KINGA KUKU WAKO

Mama Safari alikosa mayai kwa sababu ya kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Ugonjwa huu ukiingia unaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima. Hauna dawa ya kuutibu. Una kinga.

Iko chanjo ya matone iitwayo I-2. Kuku hutiwa tone 1 katika jicho moja. Chanjo hurudiwa kila baada ya miezi 3. Chanjeni kuku wazima tu, maana chanjo haiponyi kuku aliyekwisha kuugua. Ni vizuri kijiji kizima kichanje siku moja, kwa sababu chupa moja hutosha kuku wengi, na gharama ikigawanywa huwa ndogo. Mwoneni ofisa mifugo wa kata yenu mpange tarehe. Kuku aliyekufa kwa ugonjwa asiliwe wala asitupwe porini. Achomwe moto au afukiwe chini sana.

MNADANI

Mama Safari alikwenda mnadani na keki mbili za boga. Mnunuzi mmoja akauliza, "Mama, keki yako ina rangi nzuri ya njano. Umetia mayai mangapi?"

Mama Safari hakudanganya. "Sikutia hata moja. Ni boga."

Mnunuzi akaonja. Akanunua kipande cha pili.

Nyumbani yalibaki mayai manne. Jioni ile alichemsha mawili. Moja alimpa mtoto mkubwa. La pili aliliponda kwenye uji wa mdogo. Bibi akamuuliza, "Na hayo mawili yaliyobaki?"

"Ni ya kesho, Bibi."

"Na mwezi ujao kliniki, kadi itasemaje?"

"Hapo tutaona, Bibi. Lakini mwezi huu yai halikwenda kwenye sufuria."

KUMBUKA

Yai lina kazi tatu ndani ya unga: kushikamanisha, kuumua na kulainisha. Gawa kazi hizo.
Boga na ndizi hulainisha. Unga wa dengu hushikamanisha. Bekingi pauda, au limau na soda ya kuokea, huumua.
Oka mara moja ukishachanganya. Acha chakula kipoe kabla ya kukikata.
Usitumie magadi ya mawe. Usitumie unga wa maharage mabichi.
Chanja kuku kila baada ya miezi 3.
Yai lililookolewa mpe mtoto, likiwa limeiva.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba yako, mayai ya wiki iliyopita yalikwenda wapi? Mangapi yaliuzwa? Mangapi yaliliwa? Nani aliyala?
2. Taja kazi tatu za yai ndani ya keki. Kitu gani kinaweza kufanya kila kazi?
3. Kwa nini boga haliwezi kuchukua nafasi ya yai katika mlo wa mtoto?
4. Ukipika keki mbili kila wiki, na kila moja ilitaka mayai 3, utaokoa mayai mangapi kwa wiki 8?
5. Kijiji chenu kilichanja kuku lini mara ya mwisho? Nani atakwenda kumwona ofisa mifugo?